Kilichomo ndani ya godoro la asili

Bibi yangu wa Muheza alikuwa akifumua godoro lake kila mwaka, siku chache kabla ya Ramadhani. Mlango ulifungwa, madirisha yakafungwa, nasi watoto tukafungwa leso puani, kwa sababu sufi ni nyepesi mno, pumzi ya mtu tu inatosha kuirusha. Alikata mshono wa upande mmoja kwa wembe, akamwaga vyote mkekani, kisha kazi ikaanza. Mabonge yaliyoshikamana tuliyatenganisha kwa vidole. Kokwa nyeusi zilizosahaulika ndani tulizitupa kwenye bakuli. Nyuzi zilizokatikakatika na kuwa vumbi zilipembuliwa, zikaachwa. Mfuko wenyewe, wa kitambaa cha marekani, ulifuliwa na kuanikwa hadi ukakauka kau. Jioni sufi ilirudishwa ndani pamoja na nyingine mpya iliyotoka kwenye msufi wa uani, mfuko ukashonwa kwa sindano ndefu, na usiku ule godoro lilikuwa limevimba hata ikabidi tulipande kama tunapanda kichuguu.

Nimelikumbuka sana godoro lile mwaka huu, nilipoingia madukani Dar es Salaam kutafuta la kwangu. Mgongo ulikuwa umeanza kunisumbua asubuhi, na godoro la sponji nililokuwa nikilalia lilikuwa limebonyea katikati kama kihori. Katika duka moja kijana aliyenihudumia alinionyesha godoro nene lililofungwa nailoni, akaligonga kwa kiganja.

"Dada, hili ni la asili. Mpira mtupu. Ndiyo maana bei yake imesimama."

Nikamwuliza lina kilo ngapi. Hakujua. Nikamwomba afungue zipu tuuone huo mpira.

"Likifunguliwa garantii inakufa, dada yangu."

Nikamshukuru, nikaondoka. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Godoro lililofungwa nailoni ni zaidi ya hapo, kwani hata ukilijaribu kwa mgongo wako bado hujui limejazwa nini.

Kuchambua ilikuwa kazi ya sufi, pamba na karafuu kabla haijawa kazi ya maandishi. Katika suala hili la magodoro ya bei kubwa yanayoitwa ya asili, sioni njia ya kulichambua ila ile ya bibi: kufumua mshono na kumwaga vyote mkekani.

Tuanze na sponji, maana ndiyo wengi wetu tunayoikimbia. Mwaka 1937 mkemia Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani, waligundua namna ya kutengeneza poliyurethani, na kuanzia miaka ya 1950 viwanda vikaanza kuitoa kwa wingi ikiwa laini na yenye matundu. Malighafi yake hutokana na mafuta ya petroli. Mtu asiidharau: kwa familia nyingi za Afrika Mashariki, sponji ndiyo iliyowainua kutoka mkekani. Tena sponji nazo hazilingani. Ile nzito, yenye kilo 30 au zaidi kwa mita moja ya ujazo, hukaa miaka mingi. Ile nyepesi ya kilo 16 au 18 huchoka mapema. Lakini zote zina kasoro mbili ambazo pesa haiziondoi. Zinashika joto, na zikibonyea zimebonyea. Hakuna fundi awezaye kuifumua sponji, akaichambua na kuivimbisha upya. Dada yake, ile sponji inayojifinyanga kwa umbo la mwili, ilibuniwa mwaka 1966 katika utafiti wa NASA kuhusu viti vya ndege. Hulainika kwa joto la mwili, sifa inayopendeza kwenye nchi za baridi. Katika chumba cha Tanga mwezi wa Februari, joto lipo tayari kabla mwili haujafika, na mtu huzama humo kama aliyelala kwenye ugali wa moto.

Kwa hiyo watu wenye uwezo wamegeukia asili, na wafanyabiashara wamewafuata. Hapo ndipo neno lenyewe lilipoanza kupoteza uzito. Mnamo Julai 2013 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba imekamilisha mashauri dhidi ya kampuni tatu za magodoro zilizotoa madai ya kimazingira na kiafya bila ushahidi. Mojawapo ilikuwa ikibandika muhuri wa chama cha magodoro ya asili. Ilipochunguzwa, chama kile kilikuwa ni kampuni ile ile, imejiundia jina la pili ili ijisifu. Kama hayo yametokea Marekani, penye sheria na wanasheria, sembuse mtaani kwetu ambako karatasi ya "100% asili" hupigwa chapa kwenye stationery ya jirani.

Kuna alama zinazostahili kuaminiwa, ila kila moja ina mpaka wake, na muuzaji hupenda kuzichanganya. GOLS ni ya mpira: hudai angalau asilimia 95 ya malighafi itoke kwenye mashamba ya kilimo hai yaliyothibitishwa. GOTS ni ya nguo na nyuzi, kama pamba na sufu, nayo ina daraja la asilimia 95 na la asilimia 70. Oeko-Tex Standard 100 hupima kama kuna kemikali zenye madhara ndani ya bidhaa iliyokwisha kutengenezwa; haisemi lolote kuhusu ilikotoka, na hata nailoni inaweza kuipata. CertiPUR hupewa sponji ya petroli peke yake. Ukiiona kwenye godoro linalouzwa kama mpira mtupu, umekwisha kujua kilichomo. Alama za TBS na KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, nazo zina maana yake kuhusu ubora na usalama, lakini hazikuambii kama mpira umetoka mtini au kiwandani. Na alama yoyote ile ina namba ya cheti. Omba namba.

Sasa tumwage vilivyomo.

Sufi kwanza, kwa heshima ya bibi. Hutoka kwenye matunda ya msufi, mti mrefu ambao popo huyatembelea maua yake usiku. Uzi mmoja wa sufi ni mrija mtupu uliojaa hewa, na ukuta wake umepakwa nta ya asili. Ndiyo sababu haunywi maji, na ndiyo sababu maboya ya kujiokolea baharini yalijazwa sufi kwa miaka mingi kabla ya vita vya pili vya dunia. Kisiwa cha Java ndicho kilichokuwa kikiuza sehemu kubwa ya sufi duniani, hata Wajapani walipokiteka mwaka 1942 Wamarekani wakalazimika kutafuta mimea mingine ya kujazia maboya yao. Kwa mlalaji wa pwani, ule mrija wenye hewa una maana moja: godoro lisilolowa jasho na lisilohifadhi joto. Udhaifu wake ni kwamba uzi ni mfupi na mwepesi kukatika. Unapolaliwa mwaka mzima hugandamana, pakawa na shimo penye nyonga na kilima penye miguu. Sufi haiwezi kumhimili mtu mzito peke yake, na haimvumilii mtu asiyetaka kufumua. Tena hushika moto haraka mno, kwa hiyo mwenye godoro la sufi asivute sigara kitandani wala asiweke mshumaa karibu na chandarua.

Pamba ni kinyume cha sufi karibu kwa kila jambo. Hunywa unyevu, ni nzito, hujikaza. Godoro la pamba tupu huwa gumu baada ya miezi, na wapo wanaolipenda hivyo. Futoni ya Wajapani ni pamba, na hukunjwa kila asubuhi ili ipate hewa. Kwenye godoro la gharama pamba hufanya kazi nzuri zaidi ikiwa kitambaa cha nje, ile sehemu inayogusana na shuka. Hapa Tanzania tuna pamba ya kilimo hai inayolimwa Meatu, mkoani Simiyu, ambako kampuni ya bioRe ilianza kazi na wakulima mwaka 1994. Sehemu kubwa ya pamba ile husafiri kwenda Ulaya kuwa fulana.

Usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, ndio mgumu wa kundi hili. Ukifika Jambiani au Paje maji yakiwa yametoka, utaona marundo ya mawe yamepangwa pwani. Chini yake wanawake wamefukia makumbi, nayo hukaa kwenye matope ya chumvi miezi kadhaa hadi ile nyama laini ioze. Kisha hufukuliwa, hupondwa kwa rungu, na nyuzi zinazobaki ni zile ambazo bahari imeshindwa kuzila. Ndizo zilizosokotwa kuwa kamba za kuwambia vitanda. Viwanda vya India na Sri Lanka huzisokota nyuzi hizo zikajikunja, kisha huzinyunyizia utomvu wa mpira na kuzioka, zikawa ubao unaopitisha hewa. Ubao huo ukiwekwa chini ya tabaka laini ni msingi bora kabisa. Ukilaliwa peke yake, bega litakulalamikia.

Mkonge hutumika kwa namna hiyo hiyo. Katika magodoro ya springi ya bei kubwa, wavu mzito wa katani hutandazwa juu ya springi ili mlalaji asizihisi. Mkonge huo uliingia kwetu mwaka 1893, Dokta Richard Hindorf alipoleta miche iliyookoka safarini ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani.

Sufu, yaani manyoya ya kondoo, wengi huichanganya na sufi kwa sababu ya jina. Ni vitu viwili tofauti. Sufu inaweza kunywa mvuke wa maji hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla mtu hajahisi unyevu, kisha huutoa polepole hewa ikikauka. Pia ni ngumu kushika moto, na ndiyo maana watengenezaji wanaouza Marekani, ambako tangu mwaka 2007 kila godoro lazima lifaulu jaribio la moto, huzungushia mpira tabaka la sufu badala ya kupaka kemikali. Kwa mtu wa Njombe, Lushoto, Limuru au Kabale ningesema aitafute kwa bidii. Kwa mtu wa Mombasa si lazima.

Manyoya ya mkia wa farasi ndiyo yenye bei ya kushangaza. Kampuni ya Hästens ya Sweden, iliyoanza mwaka 1852 kwa kutengeneza matandiko ya farasi, huyatandaza kwa mikono kwenye matabaka pamoja na pamba, sufu na kitani, na kitanda chake kiitwacho Vividus kimeuzwa kwa zaidi ya dola 100,000. Kila unywele umesokotwa ukawa kama springi ndogo, na hewa hupita kati yake. Sitamshauri msomaji auze kiwanja. Ila kuna jambo la kujifunza pale: magodoro yale hugeuzwa na kukandwa mara kwa mara ili nyuzi zisigandamane. Mafundi wa Sweden wanafanya kwa mteja wa dola laki moja kile ambacho bibi alikifanya mkekani.

Mpira nimeuacha nyuma kwa makusudi, kwa kuwa mtu akisema leo godoro la asili la hali ya juu, mara nyingi anamaanisha mpira, au lateksi kama wanavyoiita madukani. Mti wake ni Hevea brasiliensis wa Brazil. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alisafirisha mbegu zipatazo 70,000 hadi bustani ya Kew, London, na miche iliyoota ikapelekwa Ceylon na Malaya. Leo Thailand na Indonesia ndizo zinazoongoza. Muheza kwetu tunaufahamu mpira kwa majonzi. Wajerumani walipanda huko aina nyingine, Manihot glaziovii, ukoo mmoja na muhogo, na mwaka 1913 bei ikaporomoka kwa ushindani wa mashamba ya Asia, mashamba yakaachwa. Baadaye Hevea ilipandwa Kihuhwi, wilaya hiyo hiyo, kwa ajili ya kiwanda cha matairi cha General Tyre cha Arusha. Nimepita kwenye mashamba yale asubuhi: kivuli kizito, gome limechanjwa mshazari, na utomvu mweupe kama tui unadondoka kwenye kikombe.

Kutoka utomvu hadi godoro kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya Dunlop, ya mwaka 1929: utomvu hupigwa kama yai la keki hadi ujae povu, humiminwa kwenye chombo, hupikwa kwa mvuke. Chembe nzito hutuama, hivyo upande wa chini huwa mgumu kidogo kuliko wa juu. Njia ya pili, Talalay, hujaza chombo nusu, hunyonya hewa ili povu litanuke, hulizamisha kwenye baridi kali, hupitisha gesi ya kabonidioksidi, ndipo huoka. Matokeo ni laini na sawasawa kila mahali, ila ghali zaidi, na mara nyingi huchanganywa na mpira wa kiwandani unaotokana na petroli. Ukitaka mpira wa mti mtupu, Dunlop ndiyo rahisi kuupata. Na hapa niseme wazi: hakuna lateksi ambayo ni mpira asilimia mia kwa maana ya herufi. Lazima iingie salfa kidogo, zinki na sabuni, vinginevyo utomvu hausimami. Muuzaji mwaminifu atakwambia hivyo mwenyewe.

Kinachoufanya mpira upendwe ni tabia yake ya kubonyea pale tu unapobonyezwa. Bega likizama, kiuno hakizami nalo. Mume akigeuka, mke haamshwi. Tena hurudi juu papo hapo, haukufungi kama ile sponji ya kujifinyanga. Vile vitundu vilivyoachwa na misumari ya chombo cha kuokea hupitisha hewa kiasi, ingawa kwa ubaridi haufikii sufi wala usumba.

Njia ya kuujua mpira dukani ni mzani. Lateksi ya Dunlop huwa na kilo kama 80 kwa mita ya ujazo. Godoro la futi tano kwa sita lenye unene wa inchi nane lina karibu mita 0.57 za ujazo, kwa hiyo likiwa mpira kamili litakaribia kilo 45. La sponji ya kilo 25, kwa vipimo hivyo hivyo, lina kilo 14 tu. Ukimwona mtu mmoja kalibeba begani anapanda nalo bajaji, huo si mpira. Mzani hautakwambia kama mpira ni wa mti au wa kiwandani, hilo ni la cheti. Ila uongo mkubwa kuliko wote utakuwa umeufichua kabla ya kutoa senti. Mtu ambaye ngozi yake huvimba akivaa glavu za mpira naye asinunue lateksi bila kumwona daktari.

Sasa mgongo, maana ndio ulionipeleka dukani. Kwetu kila mtu ni mganga wa mgongo. Jirani, shangazi, hata baadhi ya wauguzi watakwambia: lala kwenye kitu kigumu, ikibidi sakafuni. Mwaka 2003 jarida la kitabibu The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Hispania na Francisco Kovacs na wenzake. Watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno waligawanywa bila upendeleo, wengine wakapewa magodoro magumu, wengine ya ugumu wa wastani, bila kuambiwa wamepewa lipi, wakalala juu yake siku 90. Waliolalia ya wastani walipata nafuu zaidi, kitandani, wakati wa kuamka, na katika shughuli za mchana. Tangu niusome utafiti ule nimeacha kuwaambia watu walale sakafuni.

Sababu yake inaeleweka ukiutazama mwili. Uti wa mgongo una mapindo. Kwenye kitu kigumu kabisa, mtu alalaye ubavu hubebwa na bega na nyonga peke yake, kiuno kikaning'inia bila cha kukishika, misuli ikafanya kazi usiku kucha. Kwenye kitu laini mno nyonga huzama kuliko bega na uti ukapinda kama upinde. Faraja hutoka kwenye inchi mbili tatu za juu zinazokubali bega na nyonga ziingie. Uhimili hutoka kwenye kile kilicho chini kinachozizuia zisiendelee kuzama. Ni kazi mbili, na mara nyingi zinahitaji vitu viwili. Ndiyo maana nasema godoro zuri la asili ni la matabaka: usumba au mpira mgumu chini, mpira laini au sufu juu.

Na ugumu haupo kwenye godoro peke yake, upo kati ya godoro na uzito wako. Godoro ambalo mtu wa kilo 55 ataliona gumu, mtu wa kilo 100 ataliita laini. Basi lilalie mwenyewe dukani, kwa mkao unaolala nao nyumbani, si kukaa ukingoni ukirusharusha makalio. Lala chali, pitisha kiganja chini ya kiuno. Kikipita bila kugusa kitu, godoro ni gumu kwako. Kisipopita kabisa, umezama. Kikipita kwa kusugua, umekaribia. Kisha geukia ubavu, mwombe uliyekwenda naye akutazame kwa nyuma: mstari kutoka kisogoni hadi kwenye kiuno uwe umenyooka. Kaa hapo dakika 15, hata muuzaji akinuna. Na wawili wanaolala pamoja waende wote wawili, maana nimeona ndoa ambazo mmoja huchagua na mwingine huumia. Baadhi ya magodoro ya lateksi hutengenezwa kwa vipande, upande huu mgumu na ule laini ndani ya kava moja, na kwa wanandoa waliopishana sana uzito sijui suluhisho bora kuliko hilo.

Hali ya hewa ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa sababu ushauri mwingi tunaousoma umeandikwa kwa ajili ya watu wa London na Chicago, ambao shida yao ni baridi. Pwani yetu shida ni unyevu. Mtu hutoa jasho usiku, jasho hushuka, na kama chini ya godoro kuna ubao mzima au sakafu, halina pa kutokea. Baada ya masika moja unakuta ukungu mweusi upande wa chini. Vitanda vya zamani vya kamba, mifumbati na matendegu yake, vilikuwa na jibu tayari: hewa ilipita chini moja kwa moja. Kitanda cha leo kiwe na chaga, zikaribiane kiasi cha vidole vinne hivi, kwa kuwa lateksi ni nzito na penye pengo pana huteremka.

Lakini ipo desturi yetu moja ambayo inaua godoro la mpira, nami nimeiona ikifanywa kwa nia njema kabisa. Ni kuanika juani. Godoro la sufi au la pamba linalipenda jua: unyevu hutoka, nyuzi hufufuka, kunguni hukosa raha. Mpira haulitaki. Mwanga wa jua hula utomvu ulioiva, ukawa wa njano, kisha mkavu, kisha unamomonyoka kama andazi lililochacha. Godoro la bei ya pikipiki linaweza kuharibika kwa mapenzi ya msichana wa kazi ambaye hakuna aliyemwambia. Lateksi ipewe hewa kivulini, kava lake lifuliwe, na basi.

Bei sasa. Godoro la mpira wa mti litakuwa na bei mara kadhaa ya lile la sponji, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo kwetu ni meli, ushuru na nailoni ya kufungia, maana karibu yote hutoka nje. Jambo hili linanichoma. Msufi unamea Muheza, minazi imejaa kutoka Mkinga hadi Pangani, mkonge upo, Hevea ipo Kihuhwi, pamba ya Meatu iko safari ya siku moja au mbili kwa lori. Karibu kila tabaka la godoro ambalo tajiri wa Ulaya analilipia kwa dola linaota katika mkoa mmoja wa Tanga na shamba moja la Simiyu, na mafundi waliojua kulifumua na kulishona wamebaki wazee wachache. SIDO, shirika la viwanda vidogo, na vyuo vya ufundi vya VETA vinafundisha useremala wa kitanda. Vifundishe na godoro, wakati wale wazee bado wana macho ya kutunga uzi.

Kwangu mimi, kinachostahili kulipiwa bei kubwa ni godoro linaloweza kufunguliwa. Lenye zipu na matabaka huru, tabaka la juu likichoka baada ya miaka linabadilishwa peke yake na la chini linabaki. Lililogundishwa kwa gundi, hata kama ndani kuna mpira bora, likiharibika inchi mbili umepoteza inchi nane.

Nyumba ya pwani na mfuko unaruhusu: lateksi ya Dunlop ya ugumu wa wastani, inchi sita hadi nane, kwa matabaka, kava la pamba, juu ya chaga. Mlalaji mzito aongeze ubao wa usumba chini. Nyanda za juu, ongeza sufu. Mfuko mdogo: sponji nzito chini kwa ajili ya uhimili na godoro jembamba la sufi juu kwa ajili ya ubaridi, ukikubali kulifumua kila mwaka. Ndilo nililochagua, na sufi yake niliitoa kwenye msufi ule ule wa uani. Ukienda dukani, nenda na mzani, omba namba ya cheti, na umwombe muuzaji afungue zipu. Akikataa, usilipe.